Mkunjo wa Elfu Tatu na Kumi na Tisa

Chumba chetu kiko Kiusa, nyuma ya duka la vipuri.
Madirisha tumeyaziba kwa nailoni na gundi
kwa sababu ya vumbi la Julai.
Chembe moja tu, husema Ndekirwa,
ikitua kati ya tabaka na tabaka
ni changarawe ndani ya wali:
mlaji ataikuta.

Tunataka kioo kisicho kioo,
kitu cha kusomea kinachokubali kukunjwa,
kiingie mfuko wa koti, kikaliwe kwa bahati mbaya,
kitoke na maneno yake yote.

Kioo cha kawaida ni muungwana mkavu:
hakipindi, hakibembelezwi, huvunjika na heshima zake.
Plastiki ni mtu wa watu.
Ukiipasha moto inajinyoosha,
ikipoa inarudi, ila hairudi palepale,
na nyaya tulizochora juu yake,
nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga,
zinakuta mlango umehama.
Punguza moto, transista hazikomai.
Ongeza, plastiki inajikunyata.
Katikati tumeachiwa nyuzi chache za joto
na umeme unaoondoka bila kuaga.

Wino ndio wenye adabu.
Ndani ya vifuko visivyoonekana
chembe nyeusi na nyeupe zinaogelea kwenye mafuta;
zikiitwa, nyeusi hupanda, nyeupe huzama,
na umeme ukikatika zinabaki zilipo,
kama sisi Moshi wakati wa mgao,
kila mtu amekaa pale giza lilipomkuta.

Wino hautusumbui. Kinachotusumbua ni ngozi yake.
Mwezi wa nne unyevu uliingia kwa pembeni
ukala herufi kuanzia ukingoni,
mende na jalada la daftari.
Tulipoziba kwa tabaka nene, haikuingia maji,
wala haikukunjika tena.
Ndekirwa akacheka mpaka akakohoa:
tumetengeneza sahani.

Cherehani ni ya shangazi Ndeaikaya, marehemu.
Sindano tumeing'oa, mkono wake sasa
unakunja, unakunjua,
unakunja, unakunjua,
na kaunta ya basi bovu inahesabu.
Mia tano. Elfu moja. Nikachemsha chai.
Elfu mbili, jogoo wa Mzee Kilawe akakosea saa.
Elfu tatu.
Elfu tatu na kumi na tisa:
mstari mweupe, wima, mwembamba,
ukapita katikati ya neno moja.
Kushoto likabaki *nyum*,
kulia likabaki *bani*.

Hatukusema kitu.
Nikamkumbuka mama, kule Rau,
na barua ya baba kutoka kiwanda cha sukari,
imekunjwa mara nne kwenye pindo la kanga
mwaka wa thelathini huu.
Mikunjo imekuwa matundu.
Mama huisoma bila kusita,
na akifika kwenye tundu husoma tundu.
Hapa, aliniambia, kidole juu ya uwazi,
alisema atakuja Jumamosi.

Nani atazisomea mashine zetu matundu?
Anayenunua hatakuwa na kumbukumbu ya kuazima.
Atataka herufi.

Ndekirwa amechora kwenye boksi la maandazi
mistari mitatu iliyopinda.
Ukikunja kitu, anasema, mgongo unavutika,
tumbo linabanwa,
lakini kuna mahali katikati
ambapo hapajui kama pamekunjwa.
Nyaya ziende pale.
Juu ngozi, chini ngozi, unene sawasawa.
Sawasawa kwa mkono gani, nikauliza.
Akatazama mikono yake.

Umeme umekatika saa tisa na robo.
Kile kipande kilichopasuka mezani
bado kinaonyesha ukurasa wake, *nyum* na *bani*,
kwenye mwanga wa simu.
Ndekirwa amerudisha kaunta kwenye sifuri,
amebana kipande kingine.
Cherehani hii, bahati yetu, ni ya kanyagio.
Navua kiatu.